Play Store, App Store au kuuza mwenyewe: ulinganisho wa makato kwa msanidi programu mdogo wa Kigoma

Msanidi programu anayefanyia kazi chumbani kwake Mwanga au Ujiji, akishakamilisha programu yake ya kwanza inayostahili kuuzwa, hukutana na uamuzi ambao hakuufikiria wakati wa kuiandika: aipeleke Play Store ya Google, aipeleke App Store ya Apple, au aiuze kwa mkono wake, malipo yakipita kwenye Lipa Namba na faili ikitumwa kwa WhatsApp. Mazungumzo juu ya uamuzi huu huanza na asilimia 30 ya mauzo inayochukuliwa na duka na mara nyingi huishia hapo hapo, kwa kuwa ndiyo namba iliyovuma duniani. Mimi nimeuza kwa njia zote tatu, na ninaandika ulinganisho huu kwa sababu nimeona vijana wenye kipaji wakikimbia makato yasiyowahusu na kuangukia gharama ambazo hakuna aliyewatajia.

Katika hesabu zote zinazofuata nitaichukua dola moja kuwa shilingi 2,500, na programu kuwa inauzwa shilingi 5,000, mnunuzi akilipa mara moja tu. Kodi nimeiweka kando, kwa kuwa kodi ya mapato humfuata msanidi popote anapouza na haibadilishi mpangilio wa njia hizi.

Asilimia 30 si ya kila mtu

Apple ilifungua App Store mwezi Julai 2008 ikiwa na programu 500, na tangu mwanzo ikaweka mgawo wa asilimia 70 kwa msanidi na 30 kwa duka. Google ilifuata Oktoba mwaka huo huo na duka lililoitwa Android Market, ambalo tangu 2012 linaitwa Google Play, ndilo hili Play Store, na kiwango cha asilimia 30 kikazoeleka kana kwamba ni sheria ya maumbile. Kilichokitikisa ni ugomvi wa Agosti 2020, wakati kampuni ya Epic Games ilipoingiza njia yake yenyewe ya malipo ndani ya mchezo wa Fortnite, maduka yote mawili yakauondoa mchezo huo, na kesi zikafunguliwa Marekani.

Novemba 2020 Apple ilitangaza mpango wa wafanyabiashara wadogo, ulioanza Januari 1, 2021, ambao unamkata asilimia 15 msanidi ambaye mapato yake kwa mwaka hayazidi dola milioni 1. Google ilianza Julai 1, 2021 kukata asilimia 15 kwenye dola milioni 1 ya kwanza ya kila msanidi kwa mwaka, awe mkubwa au mdogo, na tangu Januari 2022 malipo ya kujirudia, kama yale ya kila mwezi, hukatwa asilimia 15 kuanzia siku ya kwanza. Tofauti ya mipango hii miwili huonekana kwa mtu anayekaribia dola milioni moja, kwa kuwa kwa Apple akivuka hapo hurudishwa kwenye kiwango cha juu kwa sehemu iliyobaki ya mwaka, ilhali kwa Google kiwango cha juu hugusa kile kilichozidi tu. Sisi wa Kigoma tuko mbali na mpaka huo, kwa hiyo sitakaa hapo.

Ninalotaka kulisisitiza ni kwamba punguzo hili lina hatua ya kujiandikisha. Kwa Apple unaomba kuingizwa kwenye mpango. Kwa Google, kwa mauzo ya kawaida, unaunda kundi la akaunti zako na kukubali masharti ya kiwango cha asilimia 15. Msanidi anayeruka ukurasa huo kwa sababu una maandishi mengi ataendelea kukatwa mara mbili ya anachopaswa kukatwa, na hakuna atakayempigia simu kumkumbusha.

Wapo wanaosubiri hukumu za nje ziwaokoe. Ni kweli kwamba Aprili 30, 2025 mahakama ya shirikisho ya California iliizuia Apple kukata kamisheni kwenye manunuzi yanayofanyika kupitia viungo vya nje ya programu, na mvutano ukaendelea katika rufaa. Na ni kweli kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya juu ya masoko ya kidijitali ililazimisha maduka mbadala kuruhusiwa kwenye iPhone tangu Machi 2024. Lakini amri ya kwanza inahusu duka la Marekani, na ya pili inahusu wateja walioko Ulaya. Mchuuzi wa Kibirizi anayefungua simu yake leo hayumo katika hukumu hizo, na msanidi anayemuuzia apange biashara yake kwa masharti yanayomkuta yeye hapa alipo.

Ada ya mwaka ndiyo inayomlemea mdogo

Ukiacha kamisheni, kila duka lina ada ya kuingia. Google hutoza dola 25 mara moja tu, yaani shilingi 62,500. Apple hutoza dola 99 kila mwaka, yaani shilingi 247,500, na uanachama ukiisha bila kulipiwa, programu zako huondolewa dukani. Kamisheni hupanda na kushuka pamoja na mauzo; ada haiulizi kama umeuza au hukuuza.

Tuchukue wanunuzi 200 kwa mwaka mzima, idadi ambayo msanidi anayeanza anaweza kujivunia bila aibu. Mauzo ni shilingi 1,000,000, na kamisheni ya asilimia 15 ni shilingi 150,000 katika duka lolote kati ya haya mawili. Play Store, ukijumlisha ada, itakuwa imechukua shilingi 212,500 mwaka wa kwanza, kisha shilingi 150,000 kila mwaka unaofuata. App Store itachukua shilingi 397,500 mwaka wa kwanza, na kiasi hicho hicho mwaka wa pili na wa tatu, jambo ambalo ni karibu asilimia 40 ya mauzo yote. Maana yake ni kwamba msanidi aliyeambiwa kuwa amepunguziwa kutoka asilimia 30 hadi 15, kwa kiwango hiki cha biashara, bado anatoa zaidi ya ile asilimia 30 iliyopigiwa kelele.

Ipime pia kwa upande mwingine. Kila mnunuzi wa shilingi 5,000 anakuachia shilingi 4,250, kwa hiyo unahitaji wanunuzi 15 kurudisha ada ya Play Store, mara moja katika maisha ya akaunti yako, na wanunuzi 59 kurudisha ada ya App Store, kila mwaka. Kama kamisheni ingebaki asilimia 30, wanunuzi hao 59 wangekuwa 71. Punguzo lote lililoandikwa magazetini limekuokolea wanunuzi 12, huku ada ikiendelea kudai 59. Ada ya mwaka na kamisheni hulingana pale tu mauzo yanapofika shilingi 1,650,000 kwa mwaka, yaani wanunuzi 330, na chini ya hapo ada ndiyo gharama kubwa zaidi.

Juu ya ada kuna kompyuta. Programu ya iPhone hukamilishwa kwa Xcode, chombo cha Apple cha kuundia programu, nacho huendeshwa kwenye kompyuta za Mac pekee. Mac mini, ambayo ni kompyuta ya bei ya chini ya mezani katika jamii hiyo, ilitoka mwaka 2024 kwa bei ya dola 599 nchini Marekani, sawa na shilingi 1,497,500 kabla ya usafiri na ushuru, na kwa hesabu yetu hao ni wanunuzi 353. Kukodi Mac ya mbali kupitia intaneti kunawezekana, ila kunakula bando kwa kasi ambayo msanidi anayetegemea vifurushi vya simu ataiona ndani ya siku ya kwanza. Android huandikwa kwenye kompyuta yoyote ya kawaida, hata ile ya mtumba iliyoongezwa memori.

Play Store nayo ina gharama isiyoandikwa kwa dola. Akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 hazipewi ruhusa ya kuchapisha mpaka programu ijaribiwe na watu waliokubali kuwa wajaribu kwa siku 14 mfululizo. Mwanzo walitakiwa watu 20, na tangu Desemba 2024 wanatosha 12. Ukikaa Dar es Salaam, kwenye vituo vya ubunifu na vikundi vya wanafunzi wa chuo, watu 12 unawapata kwa mchana mmoja. Huku kwetu utawatafuta ndugu, jirani, fundi simu na mwalimu wa shule ya jirani, uhakikishe kila mmoja anakumbuka nywila ya Gmail yake, na uwawekee bando ili wasijitoe siku ya tisa. Nilitumia wiki tatu kwa kazi hiyo, na ninamshauri kila anayeanza aitafutie watu hao mapema, wakati programu bado inaandikwa.

Mnunuzi wako analipaje?

Hapa ndipo uamuzi unapofanyika kwa kweli, na hapa ndipo nilipokosea.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa daftari la wachuuzi wa dagaa. Inaandika ndoo zilizonunuliwa mwaloni, deni la kila mvuvi aliyekopeshwa mafuta ya taa au nyavu, bei ya siku, na gharama ya kusafirisha magunia kwa treni kuelekea Tabora na Dar es Salaam. Niliiandika kwa kukaa na wachuuzi wa Kibirizi na Katonga, wao ndio walioniomba, na siku ilipokamilika niliiweka katika duka moja la programu kwa shilingi 5,000. Mama mmoja ambaye alikuwa ameisubiri kuliko wote alijaribu kuinunua mbele yangu. Ukurasa wa malipo uliofunguka kwenye simu yake ulimtaka kadi. Akaniangalia, akasema, “Mwanangu, hela ninayo humu humu kwenye simu, sasa kadi ya nini tena?” Nilimweleza kwamba angeweza kufungua kadi ya mtandaoni ndani ya akaunti yake ya pesa za simu, tukaanza, na katikati ya hatua hizo boti ikatia nanga na yeye akaenda kupokea mzigo wake. Hakurudi kwenye jambo hilo, na sikuweza kumlaumu.

Kamisheni ya asilimia 15 ingenikata shilingi 750 kwa mama yule. Kukwama kwake kwenye ukurasa wa malipo kulinikata shilingi 5,000 zote. Ukilinganisha njia za kuuza bila kuhesabu wateja wanaoachia njiani, utapata majibu mazuri kwenye karatasi na mfuko mtupu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya duka lolote, mchukue mteja wako halisi mmoja, kwenye simu yake mwenyewe na laini yake mwenyewe, mfungulie programu yoyote ya kulipia na mtazame pamoja njia za malipo anazoonyeshwa. Njia hizo hutegemea nchi ya akaunti yake, mtandao wake na kadi alizowahi kuziweka. Rudia kwa watu watano. Zoezi hilo halikugharimu kitu, na litakueleza zaidi ya makala yoyote, ikiwemo hii.

Kinyume chake pia ni kweli, na ni dhuluma kutokusema. Rafiki yangu wa Ujiji alitengeneza programu ya kufundishia Kiha kwa watoto wa Waha waliozaliwa mbali na nyumbani. Wanunuzi aliowalenga wako Dar es Salaam, Nairobi, Ulaya na Amerika. Wana kadi, wamezoea kununua kwa kugusa kioo, na wengi wa wale wa nje wanatumia iPhone. Hangeweza kuwafikia hao wa nje kwa Lipa Namba. Duka linabadilisha fedha za nchi zote hizo, linawarudishia pesa wanaobadili mawazo, linaipeleka programu mpya kwa kila mtu siku inapotoka, na linampa mnunuzi asiyemjua msanidi imani ya kulipa. Kwake yeye asilimia 15 ni bei ndogo kwa mzigo alioondolewa, na ninaamini hivyo kwa dhati.

Wateja wa ng’ambo ya ziwa wanaangukia katikati. Mfanyabiashara wa Kalemie, Uvira au Bujumbura anakuja Kigoma, anaiona programu kwa mwenzake na anaitaka, lakini pesa zake za simu ziko kwenye mtandao wa nchi yake. Ukiuza mwenyewe, kila nchi itakudai mkusanya malipo wake na makubaliano yake. Duka halikudai hilo, ingawa swali la kadi linabaki pale pale.

Jambo jingine ni muda wa kupokea. Google hulipa wasanidi karibu na tarehe 15 ya mwezi unaofuata mauzo, Apple hulipa ndani ya siku 45 baada ya kufungwa kwa mwezi wake wa hesabu, na benki inayopokea fedha kutoka nje huwa na makato yake ya kiwango maalumu, ambayo huuma zaidi kadiri kiasi kinavyokuwa kidogo. Malipo ya simu huingia palepale. Kwa mtu ambaye bando la kesho linatokana na mauzo ya leo, tofauti hiyo ina uzito.

Kuuza mwenyewe si bure

Wanaoyakimbia maduka husema kwamba ukiuza mwenyewe hakuna anayekukata. Tuhesabu wanunuzi 200 wale wale. Tuseme kampuni ya kukusanya malipo ya simu inakukata asilimia 3, ambayo ni shilingi 30,000, na unakodi seva ndogo ya dola 5 kwa mwezi ya kuhifadhi faili na kuthibitisha leseni, ambayo ni shilingi 150,000 kwa mwaka. Jumla ni shilingi 180,000. Umeokoa shilingi 32,500 ukilinganisha na mwaka wa kwanza wa Play Store, na kuanzia mwaka wa pili unatumia shilingi 30,000 zaidi ya Play Store. Ikiwa programu yako ingehitaji seva kwa vyovyote, mizani inaelemea upande wa kuuza mwenyewe. Ikiwa ni programu inayofanya kazi yote ndani ya simu, duka lina nafuu.

Kisha kuna muda wako. Mteja analipa, anakutumia ujumbe, unahakiki muamala, unamtumia faili, anakuuliza kwa nini simu inamwonya juu ya vyanzo visivyojulikana, unamtuliza, unampa namba ya leseni. Ukitumia dakika kumi kwa kila mmoja, wanunuzi 200 ni zaidi ya saa 33. Na usiamini ujumbe wa malipo uliopigwa picha na kutumwa kwako. Angalia salio lako mwenyewe au taarifa ya mkusanya malipo, kwa sababu ujumbe wa kughushi umewaliza wenye maduka ya kawaida muda mrefu kabla ya kutufikia sisi. Mimi nilishawahi pia kusubiri wiki mbili fedha zangu zilizoshikiliwa na kampuni moja ya kukusanya malipo bila maelezo, na katika wiki hizo nilikumbuka kwamba kila njia ina mlango wake na bawabu wake.

Faili inayotumwa kwa WhatsApp ina tabia ya kutembea yenyewe. Mmoja ananunua, anairusha kwa Xender, na kufikia jioni mwalo mzima unaitumia. Usipoweka uthibitisho wa leseni kwenye seva, unauza nakala moja kwa kila mwalo. Na mlango huu wa kusakinisha faili kutoka nje ya duka unaelekea kubanwa: Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba simu za Android zilizoidhinishwa zitataka programu ziwe za msanidi aliyethibitisha utambulisho wake, kuanzia Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, na nchi nyingine kufuata kuanzia 2027. Anayepanga kujenga biashara ya miaka mingi juu ya faili za kutumiana azingatie hilo leo.

Tovuti inayofanya kazi kama programu ni njia safi zaidi ya kuuza mwenyewe. Haihitaji kusakinishwa kutoka faili, haikaguliwi na duka, inaweza kuhifadhi data na kufanya kazi mtandao unapokatika, na tangu toleo la 16.4 la iOS, mfumo unaoendesha iPhone, lililotoka Machi 2023, inaweza kutuma arifa hata kwenye iPhone ikiwa imewekwa kwenye skrini ya mwanzo. Udhaifu wake ni kwamba wateja wetu wengi wamezoea kwamba programu hutafutwa Play Store, na kitu kisichoonekana huko hukishuku.

Faida kubwa ya kuuza mwenyewe, na ambayo sikuisikia ikitajwa popote, ni uhuru wa kupanga kipindi cha malipo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa wavuvi hupumzika. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wazaliane. Mchuuzi anayekatwa shilingi 2,000 kila mwezi, mwaloni kukiwa kutupu, atajitoa mwezi wa kwanza, na ni haki yake. Vipindi vya malipo ya kujirudia katika maduka ni wiki, mwezi, miezi mitatu na kadhalika. Hakuna kinachofuata mwezi wa angani wala msimu wa ziwa. Ninapouza mwenyewe, mchuuzi analipa kwa kila giza analofanya kazi, na ziwa likifungwa halipi, wala daftari lake halifutiki.

Maduka mengine ya Android, kama AppGallery ya Huawei, Galaxy Store ya Samsung na Palm Store inayokuja kwenye simu za Tecno, Infinix na itel, yanafaa kama nyongeza baada ya kuimarika mahali pengine. Sijaona msanidi wa hapa aliyeishi kwa mauzo yake, na sitamshauri mtu aanzie huko.

Njia ya katikati

Kati ya kuuza dukani na kukaa nje kabisa ipo njia inayoruhusiwa na kanuni, na ambayo wengi hawaijui. Google inaruhusu programu ya bure ambayo mtu anaingia kwa akaunti aliyokwisha kuilipia mahali pengine. Apple inaruhusu programu ya bure inayoandamana na huduma ya kulipia ya tovuti. Sharti kwa wateja wa huku kwetu ni kwamba ndani ya programu kusiwe na ununuzi, wala kitufe, wala kiungo, wala maneno ya kumwambia mtumiaji akalipe nje. Mteja unamwambia habari ya malipo mwaloni, kwa SMS au kwenye tovuti yako. Ukiandika namba yako ya Lipa Namba ndani ya programu inayouza huduma ya kidijitali, umevunja kanuni na unaweza kuondolewa, kwa hiyo usijaribu hata kwa herufi ndogo.

Na kama programu yako inauza kitu kinachoshikika au huduma inayofanyika nje ya simu, kamisheni haikuhusu kabisa. Tiketi za boti za kwenda vijiji vya kusini mwa ziwa, madumu ya mawese, magunia ya dagaa, bodaboda ya kumtoa mtu stesheni: vyote hivi hulipiwa nje ya mfumo wa malipo wa duka, na maduka yote mawili hayadai asilimia yoyote juu yake. Nimekutana na kijana aliyeacha wazo zuri la tiketi za boti kwa kuogopa kwamba Google ingechukua sehemu ya nauli. Aliliacha bure.

Nani achague nini

Ikiwa wanunuzi wako ni watu unaoweza kuwafuata kwa miguu, wanaolipa kwa simu na wanaokujua kwa jina, weka programu ya bure Play Store na upokee malipo mwenyewe nje yake. Utakuwa umelipa dola 25 mara moja, faili yako inahifadhiwa na kusasishwa na duka, simu hazitoi onyo, na kamisheni hulipi. Jiandae tu kwa kazi ya kila mwaka, kwa kuwa Google huinua kiwango cha chini cha toleo la Android ambalo programu mpya na masasisho hulenga, na programu iliyoachwa nyuma muda mrefu hufichwa kwa watumiaji wapya wenye simu za kisasa.

Ikiwa unauza mitihani ya zamani ya darasa la saba au kidato cha nne kwa wanafunzi wa nchi nzima, hali ni ngumu zaidi kuliko inavyoonekana, kwa sababu simu ni ya mzazi na pesa ni ya mzazi. Ningeanza na tovuti inayofanya kazi kama programu, malipo ya simu, na bei ndogo inayolipwa mara moja kwa muhula, kisha ningeongeza ile ya bure Play Store kwa ajili ya wale wanaotafuta huko.

Ikiwa ni mchezo au kifaa cha lugha kwa watu usiowajua duniani, uza ndani ya Play Store kwa mfumo wake wa malipo, jiandikishe kwenye asilimia 15 siku ile ile, na usipoteze muda kuitafutia njia ya kuikwepa.

App Store iwe ya pili kwa karibu kila msanidi wa hapa, na ninasema hivyo nikijua ubora wa wateja wake. Rafiki yangu wa programu ya Kiha alianza Play Store pekee, akaandika kwenye daftari kila ujumbe wa mtu aliyemuuliza toleo la iPhone, na akakubaliana na nafsi yake kwamba hatalipa dola 99 wala kununua Mac kabla maulizo hayo hayajafika 330. Mara ya mwisho tulipokutana soko la Mwanga yalikuwa 212.